Tairi jipya liende mbele

Yeyote aliyepita Barabara ya Moi South Lake alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya Kinangop, amewaona. Ni msafara mrefu wa baiskeli: vibarua wa mashamba ya maua, walinzi, mafundi na wachuuzi wa samaki, kila mmoja akikanyaga pedali kuelekea kwenye riziki yake. Baadhi yao hushika njia ya mlima hadi Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu mwaka 1981.

Watu hawa wanajua bei ya unga na ya mafuta ya taa hadi senti ya mwisho. Lakini muulize mmoja wao ni lini alipolitazama tairi lake la mbele, naye atakucheka. Nakiri kwamba hata mimi nilikuwa miongoni mwa wanaocheka.

Tairi langu la nyuma lilipochakaa, nilimwendea fundi mmoja kando ya barabara nikiwa na tairi jipya mkononi. "Mzee," akaniambia, "gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mzigo. Jipya tulitie huko. Hili kuukuu la mbele bado litasukuma siku." Nikamjibu, "Wewe ndiwe fundi, mwanangu." Hesabu yake ilionekana sawa, nami nikaenda zangu.

Miezi miwili baadaye, nikiteremka kutoka Olkaria kuelekea ziwani, tairi hilo la mbele lilipasuka kwa kishindo. Usukani ulinitoka mikononi. Nilijikuta nimelala kwenye changarawe, na nyuma yangu lori likifunga breki kwa mlio wa kutisha. Dereva alishuka akitetemeka kuliko mimi. "Pole, mzee," alisema. "Leo Mungu hakutaka."

Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja, nayo ni kwamba tairi jipya liende mbele. Ni kweli kuwa la nyuma huisha upesi, kwani hubeba sehemu kubwa ya uzito na ndilo linalosukumwa na mnyororo. Hata hivyo, la nyuma likipasuka, mwendeshaji huyumba lakini bado ana usukani wa kumfikisha kando. La mbele likipasuka, huo usukani hana tena. Kwa hiyo, la nyuma linapochakaa, litupwe. La mbele, ikiwa bado ni zima, lihamishiwe nyuma. Nalo jipya litiwe mbele. Gharama ni ile ile ya tairi moja. Kinachoongezeka ni jasho kidogo la fundi.

Suala la pili ni uteuzi. Wengi wetu huingia dukani na kuagiza kwa inchi: "Nipe ishirini na nane." Waama, inchi hizi zimewatia wengi hasara. Baiskeli nyeusi ya kubebea mizigo na baiskeli ya mbio ya mitumba kutoka Ulaya zote zaweza kuitwa za inchi 28, ilhali rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635 na ya pili 622. Hali kadhalika, kuna inchi 26 ya milimita 590 na nyingine ya 559. Matairi haya hayaingiliani hata kwa nyundo. Tazama ubavuni mwa tairi lako la zamani utafute tarakimu mbili zenye kistari kati yake, mathalan 40-635. Ya kwanza ni upana. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili haina mjadala.

Upana ndio wenye nafasi ya kuchagua. Vijana wenye baiskeli za mbio hupenda tairi jembamba la milimita 23. Kwenye lami laini halina neno, lakini kwenye mashimo yetu rimu hugonga tyubu na kuitoboa. Kama fremu na breki zina nafasi, tia la 28 au 32, ambalo hubeba uzito ule ule kwa upepo mchache zaidi. Wala usidanganywe na meno makubwa. Hayo ni ya matope. Kwenye lami hukupunguzia mwendo bure.

Aidha, tukumbuke ardhi tunayoishi. Miiba ya migunga imetapakaa kila mahali. Na huku Olkaria na Hell's Gate kuna jiwe jeusi la volkeno, obsidiani, lenye makali kama kioo. Watu wa kale walilichonga wakapata visu. Jiwe lililokata nyama za wawindaji halishindwi na mpira.

Hivyo basi, pancha haikwepeki, lakini kuna namna ya kuiziba. Usitumie bisibisi kulitoa tairi, maana hutoboa tyubu. Mpini wa kijiko ni bora. Ukishatoa tyubu, usiharakishe kuirudisha. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima, kwani mwiba ulioitoboa ya kwanza bado umejificha ukiisubiri ya pili. Sugua kwa msasa, paka gundi, kisha iache ikauke kabla ya kubandika kiraka. Unaporudisha tairi, malizia penye vali, uisukume vali ndani kidogo ili tyubu isibanwe.

Na siku ukiona nyuzi zimechungulia, ubavu umepasukapasuka, au pana uvimbe kama jipu, usitafute kiraka. Tairi hilo limemaliza kazi yake.

Najua jibu la wengi: pesa hakuna. Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini kibarua anayeanguka hulipa dawa, hupoteza siku za kazi, na pengine hupoteza kisichonunulika. Wahenga walituasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho alfajiri, ndugu yangu, kabla hujapanda baiskeli, inama dakika moja ulitazame tairi la mbele.