Mwana Aendapo Ugenini Kusoma, Afungashiwe na Dini Yake

Kusafiri kutafuta elimu ni jambo kongwe katika umma huu. Lakini kumpeleka kijana wa sekondari akaishi mwaka mzima katika nyumba ya watu wasio wa dini yake ni mtihani unaowafika wazazi kabla ya kumfika yeye.

Mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani ilianzisha mpango wa YES, unaohusishwa na maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, kwa ajili ya wanafunzi wa nchi zenye Waislamu wengi. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizopeleka vijana wao. Kijana alipokewa na familia ya wenyeji, akasoma shule ya mtaa huo kwa mwaka mmoja wa masomo, na akatarajiwa kuwaeleza wenyeji habari za kwao.

Jambo la kwanza limkutalo kijana wa namna hii ni swala. Mtoto wa Mombasa au Unguja amezoea Magharibi isiyobadilika sana mwaka mzima, na adhana humkumbusha. Katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, jua la Desemba huzama karibu saa 10:30 jioni, na la Juni huzama karibu saa 3:00 usiku. Shule za serikali huko haziendeshi ibada, ila mwanafunzi anaweza kusali mwenyewe wakati wa mapumziko. Yambidi aombe mahali. Wala asidhani kuwa atapunguza swala mwaka mzima kwa hoja ya safari. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, husali kamili.

La pili ni maisha ya nyumbani. Huko mbwa huishi ndani na watu, ilhali kijana amefunzwa kuwa najisi yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Asipoeleza mapema na kwa upole, kujitenga kwake kutadhaniwa kuwa dharau. Vivyo hivyo nyama ya nguruwe, na jelatini iliyomo katika baadhi ya peremende. Mwenyeji hawezi kuchunga asichoambiwa.

La tatu, nalo ndilo zito, ni maswali. Kwa nini unafunga? Kwa nini unajisitiri? Kwa nini hunipi mkono? Kijana aliyefundishwa kutenda bila kufahamishwa sababu hunyamaza, na kimya hicho huweza kuwa mwanzo wa kuionea haya dini yake.

Hapa tunalo funzo la Habasha. Mnamo mwaka 615, Waislamu walioteswa Makka walihamia kwa Najashi, mfalme Mkristo. Makureshi walipotuma wajumbe ili warejeshwe, Ja'far bin Abi Talib (R.A.) alisimama mbele ya mfalme akaeleza walivyokuwa zama za ujahili na aliyowafundisha Mtume (S.A.W.), kisha akasoma mwanzo wa Surat Maryam. Hakutukana wala hakuficha. Aliweza kujibu kwa sababu aliijua dini yake kabla ya kuulizwa.

Basi wazazi, udongo uwahi ungali maji. Kabla ya kutia saini fomu, mfundisheni mwana fiqhi ya tohara, swala na chakula pamoja na hekima zake. Waandikieni wenyeji barua ya heshima, na ulizieni msikiti ulio karibu. Kwa binti, muulizeni kwanza mwanachuoni, kwani wengi wameshurutisha mahram katika safari, na wako wa zama hizi walioruhusu pakiwa na usalama.

Hatusemi vijana wafungiwe. Suratul-Hujurat, aya ya 13, inatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu amewafanya wanadamu mataifa na makabila ili wajuane, na kwamba mbora wao mbele Yake ni mchamungu zaidi. Mwenyeji asiye Muislamu anayempikia mgeni wake futari ametenda wema, na wema hustahili shukrani. Lakini kujuana ni kwa pande mbili: asiyejijua atawajulisha wenzake nini?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, walio karibu na walio mbali, na awarejeshe na elimu yenye manufaa. Amin.