Ngome Iliyo Ng'ambo: Ramani ya Dragon Quest

Ukisimama ukingoni mwa uwanda wa Makonde pale Newala, bonde la Ruvuma lote liko chini yako, na Msumbiji iko mbele ya macho. Lakini mwenye gari anayetaka kupita Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, huteremka hadi Masasi, akapita Mangaka, ndipo akavukia Mtambaswala.

Mbunifu Yuji Horii alijenga gemu zima juu ya hali kama hiyo. Dragon Quest ilitolewa na Enix nchini Japani tarehe 27 Mei 1986, kwa ajili ya Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo. Ukitoka tu kwenye kasri la mfalme, unaiona ngome ya adui ng'ambo ya maji, hatua chache mbele. Kuvuka huwezi. Utaizunguka nchi nzima kwanza.

Magemu ya kuvaa uhusika wa shujaa na kumkuza yalikuwepo tayari kwenye kompyuta za Marekani: Ultima na Wizardry, yote ya mwaka 1981. Hayo yalidai kibodi na subira nyingi. Famicom ilikuwa na pedi ya vitufe vichache, na kaseti ya Horii ilibeba kilobaiti 64 tu.

Tazama alivyoanza. Umo chumbani mwa mfalme, mlango umefungwa. Kuna makasha, na ndani ya mojawapo mna ufunguo. Ili utoke ni lazima ufungue kasha, ufungue mlango, ushuke ngazi. Ukifika nje umeshazijua amri za msingi, na hakuna aliyekusomesha.

Huko nje hakuna ukuta. Kuna madaraja, na kila ukivuka, majini huwa wakali zaidi. Wakikuua, unarudi kwa mfalme: nusu ya dhahabu imekwenda, ila uzoefu na leveli vimebaki. Uamuzi huu ndio ninaouheshimu kuliko yote, maana hata anayeshindwa anaendelea kukua.

Kupigana na majini walewale ili upande leveli kunachosha, sitaficha. Tena kaseti ya Kijapani haikuhifadhi mchezo: mfalme alikutajia herufi 20 uziandike daftarini, na moja ikikosewa, mchezo haufunguki. Toleo la Marekani la 1989 liliwekewa betri, na siku hizi gemu hili linapatikana kwenye simu.

Anayeanza leo asikimbilie ramani za mtandaoni. Azungumze na kila mtu wa kila mji, kwa sababu siri ya kuvuka yale maji wamegawana wenyeji, huyu ana kipande hiki, yule kile.