Mshika mawili moja humponyoka

Msomaji, kuna wagonjwa wengi wanaofika kliniki wakilalamikia uchovu usiokwisha. Damu ikipimwa inatosha, malaria haipo, sukari iko sawa. Lakini mgonjwa akieleza siku yake inavyokwenda, sababu hujitokeza: asubuhi duka, mchana kamati, jioni shida za jamaa, usiku baraza la miraa. Jambo analolithamini kuliko yote halikupata hata saa moja.

Tuchukue mfano wa Wajir. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria, alikuja Kenya mwaka 1969 akafanya kazi ya ualimu. Shida za eneo hilo kavu zilikuwa nyingi, lakini alichagua kupambana na moja: kifua kikuu. Wakati huo matibabu yalichukua mwaka mmoja au zaidi, na mfugaji anayefuata mvua na malisho hakuweza kusubiri. Wengi waliacha dawa njiani.

Mwaka 1976 alipewa jukumu la kusimamia jaribio la kuwatibu wafugaji wanaohamahama. Wagonjwa walikaa Wajir katika vibanda kama vya kwao kwa miezi sita, wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Mahali hapo palijulikana kama 'TB Manyatta'. Katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani lilihimiza nchi zote zitumie njia ya mgonjwa kumeza dawa akitazamwa. Tonelli aliendelea na kazi hiyo hiyo miongoni mwa Wasomali mpaka alipouawa Borama mwezi Oktoba 2003.

Hebu fikiria, msomaji, gharama ya miezi sita mbali na ngamia wako. Tena baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na moyo huanza kuwaza mifugo. Lakini kupata nafuu si kupona. Viini vingine bado vi hai, na anayekatiza dawa huweza kurudiwa na ugonjwa ulio sugu. Manyatta ilifaulu kwa sababu haikutegemea nia ya mgonjwa peke yake. Maisha yake yalipangwa upya ili jambo kubwa lipate nafasi ya kwanza.

Wewe uliye Garissa mjini au Nairobi waweza kufanya vivyo hivyo:

1. Taja jambo moja lililo kubwa kwako mwaka huu, liwe afya, watoto au masomo.

2. Litengee saa yake kabla ya mengine, wakati ungali na nguvu.

3. Punguza kinachokula muda. Miraa, kwa mfano, haichukui jioni tu. Huondoa usingizi na hamu ya chakula, na hupandisha presha.

4. Tafuta mtu wa kukuuliza kila siku kama umelifanya.

5. Jifunze kukataa kwa adabu. Si kila mwaliko ni faradhi.

Lakini usiseme kila uchovu ni wa shughuli. Ukiwa na kikohozi kwa zaidi ya wiki mbili, jasho jingi usiku au unakonda bila sababu, nenda ukapimwe makohozi. Katika hospitali za serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Siku hiyo, hilo ndilo jambo kubwa. Duka litangoja.