Kabla ya kulipa karo, mhoji kijana wa mezani

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka matokeo ya mitihani ya sekondari yanapotoka, vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huvuka mipaka kutafuta wanafunzi. Huweka meza kwenye maonyesho, hutundika bango, na nyuma ya meza husimama vijana waliovaa fulana za chuo. Baadhi yao ni wanafunzi wa shahada ya uzamili. Chuo huwatuma kwa sababu wameishi pale miaka mingi na wanajua maktaba ilipo na chumba cha kupanga kinapatikana wapi.

Mwaka 2008 nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nasoma Kampala, nikatumwa Kigali na mfuko wa vipeperushi. Alikuja mama mmoja aliyekuwa akivusha vitenge kutoka Goma hadi Gisenyi, akiwa na kijana wake. Familia yao ilikuwa imerejea Rwanda baada ya miaka mingi Kongo, na kijana alikuwa na diploma ya taifa ya huko, iliyoandikwa kwa Kifaransa.

"Mwanangu, cheti hiki kwenu kitapokelewa?" akaniuliza.

"Hakuna shida, mama," nikajibu. Ukweli ni kwamba sikuwa najua.

Kijana alipofika Kampala aliambiwa cheti kitafsiriwe kwa Kiingereza, kisha kilinganishwe na kile cha Uganda. Karatasi zilipokamilika muhula ulikuwa umekwisha anza. Pesa za chumba na chakula, ambazo zilikuwa mtaji wa vitenge, zikaliwa bila darasa. Nilipokutana tena na mama yule hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ungesema hujui, ningekushukuru."

Tangu siku hiyo mambo mengi yamebadilika. Rwanda, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Burundi mwaka 2007, ilianza kuhamia Kiingereza mashuleni mwaka 2008. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wanachama walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Kongo ilijiunga mwaka 2022. Hata hivyo, mifumo ya sekondari bado haifanani. Uganda na Tanzania huhesabu miaka minne kisha miwili, Rwanda mitatu kisha mitatu. Ndiyo maana cheti cha nchi nyingine huhitaji kulinganishwa. Uganda kazi hiyo kwa vyeti vya sekondari hufanywa na Baraza la Mitihani, UNEB, na Tanzania na NECTA.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifika mezani usiridhike na picha za majengo. Uliza kwanza: je, kozi hii yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa? Uganda msimamizi ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Tanzania ni TCU, Kenya ni CUE, na Rwanda ni HEC. Pili, cheti cha mwanangu kitalinganishwa wapi, kwa gharama gani, na kwa muda gani? Tatu, mwanafunzi wa nchi jirani hulipa karo ipi, na ada gani nyingine hazimo kwenye kipeperushi? Nne, shahada hii ikirudi nyumbani itatambuliwa?

Halafu muulize yale anayoyajua kwa kuyaishi: wewe mwenyewe kwa mwezi unatumia kiasi gani? Wenzako walioanza nawe wamemaliza wangapi, na walioacha waliacha kwa nini? Hapo ndipo mwanafunzi wa uzamili anapomzidi ofisa yeyote.

Lakini kumbuka mipaka yake. Kijana huyu hana mamlaka ya kumdahili mtu. Barua ya udahili hutoka ofisi ya chuo, na karo hulipwa kwa utaratibu rasmi wa chuo. Anayekuomba umpe pesa mkononi "akushikie nafasi", mwache na meza yake.

Wafanyabiashara husema mali bila daftari huisha bila habari. Andika majibu, andika na jina la aliyekujibu, kisha thibitisha ofisini kabla ya kugusa mtaji. Na kijana akikuambia, "Hilo silijui, mama, nitauliza," usimdharau. Huyo ndiye wa kusikilizwa.