Je, Wajua? Rwenzori, Theluji Jirani ya Ikweta

Milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, haikuzaliwa na volkano kama Kilimanjaro. Ni miamba mikongwe iliyosukumwa juu Bonde la Ufa lilipofunguka. Kilele chake kirefu zaidi, Margherita, kina mita 5,109. Luigi Amedeo, Mtaliano wa ukoo wa kifalme, alikifikia mwaka 1906.

Ukienda, usikimbilie kileleni. Tulia kwanza katika bonde la Bujuku: lobelia zimepita kimo cha mtu, ndevu za kijivu zinaning'inia matawini, tope linameza buti mpaka magotini. Uzuri wa Rwenzori uko hapo hasa. Ila barafu usiichelewee; inayeyuka, na baadhi ya vilele vimeshabaki mwamba mtupu.