Kuchagua spika ya sauti za kati kwa ubao wazi

Katika nyumba ya babu yangu, mtaani Buyenzi mjini Bujumbura, palikuwa na redio kubwa ya mbao, ya zile za kale zilizotumia valvu. Mgongo wake ulifunikwa kwa kadibodi nyembamba yenye matundu, hivyo sauti ilitoka mbele na nyuma pia. Redio hiyo ilipokufa tulimnunulia bibi redio ndogo ya plastiki. Aliisikiliza siku mbili, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, huyu msomaji wa habari wamemfungia ndani ya debe?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nijifunze kuunda spika za ubao wazi, yaani spika zilizofungwa katika ubao mmoja uliosimama, bila sanduku. Mimi ni mtumishi wa ofisi niliyesomea ualimu, wala si fundi wa kuzaliwa. Nimejifunza kwa kusoma, kwa kupima na, nakiri, kwa kupoteza fedha. Makala haya, ndugu msomaji, yamekusudiwa kukuepusha na hasara hiyo.

Mara ya kwanza nilinunua spika mbili zilizoandikwa wati 300, zenye sumaku nzito na pete zinazong'aa. Fedha hizo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya mabati ya jikoni. Nilipozifunga katika ubao, sauti ilitoka nyembamba na dhaifu, mbaya kuliko ile ya redio ya plastiki. Muuzaji hakunidanganya, mimi ndiye sikujua la kuuliza.

Kwa nini sauti za kati?

Watu wengi hutumia fedha zao kwa besi. Lakini maneno ya mtu, kinanda, gita na tarumbeta hukaa hasa katika sauti za kati. Simu za kawaida zilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3400 tu, yaani mitetemo 300 hadi 3400 kwa sekunde, na bado tuliwatambua ndugu zetu kwa sauti. Spika ya sehemu hiyo ikikosewa, besi nzuri haitaokoa kitu.

Sauti hupotea wapi?

Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma huivuta. Pasipo sanduku, wimbi la nyuma huzunguka ukingo wa ubao na kukutana na la mbele. Kwa sauti nene, ambazo mawimbi yake ni marefu, mawili hayo hufutana. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, nalo huuzunguka ubao wa nusu mita bila taabu.

Chukua ubao wenye upana wa sentimita 45, na spika katikati. Kutoka spika hadi ukingo ni sentimita 22 hivi. Kwa ubao wa namna hiyo sauti huanza kupungua chini ya hezi 250 hivi, na kila masafa yanapopungua kwa nusu, sauti hushuka kwa desibeli 6. Ndiyo sababu spika inayofaa sandukuni huweza kushindwa katika ubao wazi. Basi tazama mambo manne yafuatayo.

1. Mgongo wake. Igeuze spika kabla ya kuuliza bei. Spika nyingi za sauti za kati hufunikwa nyuma kwa kikombe cha chuma. Hizo hazitoi sauti nyuma, kwa hiyo hazifai kazi hii. Tafuta yenye mgongo wazi, na mikono ya fremu iwe myembamba ili isizibe hewa. Zile za kwanza nilizonunua zilikuwa na kikombe.

2. Ukubwa wa koni. Kwa kuwa ubao wazi hupoteza sehemu ya nguvu, koni hulazimika kusukuma hewa nyingi zaidi. Koni ya inchi 8, yaani sentimita 20, ina eneo mara nne ya ile ya inchi 4, nayo hufanya kazi hiyo bila kuhema. Lakini koni kubwa ina kasoro yake: kadiri sauti inavyopanda juu, ndivyo inavyoielekeza mbele tu kama tochi. Koni ya inchi 8 ni vema iishie hezi 1500 hadi 2000, kisha twita ipokee. Mhandisi Siegfried Linkwitz, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani na kufariki mwaka 2018, alitumia njia ya kugawa kazi: katika spika yake ya LX521 sauti za kati zilipewa spika mbili, kubwa kwa sehemu ya chini na ndogo kwa sehemu ya juu. Sisi wenye kipato kidogo twaweza kuridhika na moja ya inchi 8.

3. Wepesi wa kuitika. Wati zilizoandikwa huonyesha mzigo ambao spika inaweza kuubeba bila kuungua; hazionyeshi itatoa sauti kiasi gani. Uliza desibeli kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 95 hupata kwa wati 1 sauti ambayo ile ya desibeli 85 huipata kwa wati 10. Penye umeme wa betri, tofauti hiyo ni kubwa. Spika za koni nyepesi ya karatasi, zitumikazo katika vipaza sauti vya mikutano, mara nyingi hufika desibeli 93 na kuzidi.

4. Masafa yake ya asili. Kila spika ina masafa ambayo hutetemeka kwa urahisi yenyewe, na karatasi ya vipimo huyaandika Fs. Ikiwa spika yako itaanza kazi kwenye hezi 250, Fs isizidi nusu yake, yaani 125. Utaona pia tarakimu iitwayo Qts, ambayo huonyesha jinsi koni inavyozuiwa isiendelee kuyumba, mfano wa breki. Kwa spika ya besi katika ubao wazi, Qts ya 0.7 hivi husaidia sana. Kwa ile ya sauti za kati si sharti, mradi Fs iko chini vya kutosha, hata 0.4 yafaa.

Jaribu kabla ya kulipa

Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kwa usawa. Ikikwaruza ndani, iache. Pima kwa mita: spika ya omu 8 huonyesha takriban 6. Kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwa nukta moja tu, chanya kwa chanya. Koni zote mbili zitoke mbele. Moja ikirudi nyuma, alama zake zimegeuzwa. Jaribio hili la betri usilifanye kwa twita.

Kuuweka ubao

Mbao ya plaiwudi ya milimita 18 hadi 25 yatosha. Usiitoboe katikati kabisa. Sogeza tundu upande mmoja kidogo, ili mawimbi yasifike kwenye kingo zote kwa wakati mmoja. Simamisha ubao mita 1 hivi kutoka ukutani. Ubao wazi hutoa sauti kidogo sana kwa pande zake mbili, jambo linalopunguza mwangwi katika vyumba vya kuta za saruji. Weka miguu imara nyuma, maana ubao ukianguka juu ya mtoto hakuna muziki utakaofidia.

Jirani yangu seremala aliyenisaidia hakutaka malipo, alitaka kusikia tu. Spika za pili nilizonunua hazikuwa na pete wala rangi: koni za karatasi, inchi 8, desibeli 94, mgongo wazi. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya zile za kwanza. Mabati ya jikoni tuliyaezeka mwaka uliofuata, na katika miezi hiyo ya mvua mke wangu alipika chini ya turubai. Naitaja gharama hiyo ili mwenzangu aipime kabla ya kuvutwa na maandishi ya boksi.

Jioni tulipoziwasha, taarifa ya habari ilikuwa inaanza. Bibi alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule bwana amepona mafua.