Kutembea Kati ya Dripu na Dripu

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana akirudi nyumbani kutoka kwenye dripu, kitu cha kwanza anachoambiwa ni alale. Ndoo anapokonywa mkononi, mtoto anatumwa dukani badala yake. Huo ni upendo, na siku mbili tatu za mwanzo ana haki ya kulala. Hatari inakuja pale mapumziko yanapoendelea hadi tibakemikali iishe, na kwa wengine hiyo ni miezi 6.

Uchovu wa dawa hizi haufanani na uchovu wa kulima. Aliyelima akilala unamtoka. Huyu anaamka nao. Misuli isiyotumika hunywea, moyo na mapafu hupungukiwa uwezo, na kazi ndogo inaanza kumhemesha. Akihema analala tena, na nguvu zinazidi kumwishia. Ndiyo maana mwaka 2022 chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo unaowataka madaktari wapendekeze mazoezi ya kuongeza pumzi na ya kuimarisha misuli wakati tiba ya kuponya bado inaendelea.

Kuna na suala la ganzi. Oksaliplatini, dawa inayotumika sana kwa saratani hii, huumiza mishipa ya fahamu. Mgonjwa akishika chupa ya maji baridi vidole vinamchoma. Baadaye nyayo zinakufa ganzi, na wengine hubaki hivyo kwa miaka. Mwaka 2024 mtafiti Fiona Streckmann na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 158 wa saratani mbalimbali waliotibiwa kwa oksaliplatini au dawa za jamii ya vinka. Kati ya waliofanya mazoezi ya kulinda usawa wa mwili mara 2 kwa wiki, asilimia 30 walipata madhara hayo ya mishipa. Kwa wasiofanya, walikuwa kama asilimia 70. Mazoezi yenyewe ni ya kusimama, hata kwa mguu mmoja, juu ya kitu kisichotulia, huku mwili ukijitahidi usiyumbe. Kwa madhara ambayo madaktari hawana dawa nzuri ya kuyazuia, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Habari iliyovuma zaidi ilitoka Juni 2025, nayo inahusu kipindi cha baada ya dripu. Utafiti uitwao CHALLENGE, uliofanyika zaidi Kanada na Australia, ulifuatilia watu 889 wa saratani hii ya utumbo mpana waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza tibakemikali. Nusu walipewa vijitabu vya afya tu. Nusu nyingine walipata vijitabu pamoja na mwelekezi wa mazoezi kwa miaka 3, wakilenga kuongeza kiasi kinacholingana na kutembea kwa kasi dakika 45 hadi 60, mara 3 au 4 kwa wiki. Baada ya miaka 8, asilimia 90 ya waliofanya mazoezi walikuwa hai, dhidi ya asilimia 83 ya wale wa vijitabu tu. Zipo dawa zilizoidhinishwa kwa faida ndogo kuliko hiyo. Lakini mtu asidanganywe kwamba mazoezi yanachukua nafasi ya dripu: washiriki wote walikuwa wameshaimaliza.

Wakati wa tiba, tahadhari ni muhimu. Joto la mwili likifika 38, acha mazoezi uende hospitali, kwa kuwa chembe nyeupe za damu huenda zimeshuka. Maumivu ya kifua ni dharura. Dawa kama kapesitabini zinaweza kubana mishipa ya moyo. Dawa hiyo pia huchubua nyayo, basi viatu viwe laini na safari iwe fupi. Mwenye kifuko cha haja tumboni asinyanyue mizigo mizito kabla ya kumwona daktari, maana ngiri hutokea kirahisi hapo. Ukiwa unaharisha, pumzika na unywe maji.

Linalonigusa zaidi katika CHALLENGE ni yule mwelekezi. Vijitabu walivipata wote; tofauti aliileta mtu aliyeuliza kila mara, ana kwa ana au kwa mbali, umetembea wiki hii? Wagonjwa wa hospitali ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam hutoka mikoa ya mbali na kurudi huko kati ya dripu na dripu. Mtaalamu wa fiziotherapia mwenye simu anaweza kumfikia aliyeko Kigoma, na gharama ya simu hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na ya chupa moja ya dawa. Hospitali zetu za saratani zianze na hilo.